Kabla ya kununua Acropora: kutoka matumbawe laini kwenda magumu katika joto la Dar

Wateja wangu wa Masaki na Mbezi Beach wakitaka kuanza kufuga matumbawe magumu katika tangi la maji ya bahari nyumbani, huniuliza kwanza habari za taa. "Fundi, taa hii inafaa Acropora?" (Acropora ni tumbawe gumu la matawi.) Taa nyingi za LED za siku hizi zinafaa, ukizipandisha nguvu taratibu kwa wiki kadhaa. Matumbawe magumu mjini hapa hufa kwa mambo mawili mengine: maji kuishiwa madini, na joto. Ulipokuwa na matumbawe laini hukuwa na sababu ya kuyafikiria sana.

Tumbawe laini kama Xenia au Sarcophyton halina mifupa ya jiwe, lina vichembe vidogo tu vya chokaa ndani ya nyama yake. Gumu linajenga. Kila siku linachota kalsiamu na bikaboneti majini na kuvifanya jiwe. Maji ya bahari yana kalsiamu ya miligramu 400 hivi kwa lita, na alkaliniti (uwezo wa maji kuhimili asidi, unaotokana hasa na bikaboneti; hupimwa kwa dKH) ya dKH 7 hivi. Sasa tazama hesabu: matumbawe yakila dKH 1, kalsiamu inashuka miligramu 7 tu. Alkaliniti imetoka 8 hadi 7, umeiona. Kalsiamu imetoka 420 hadi 413, kipimo cha nyumbani hakitakuonyesha kitu. Ndiyo maana nasema pima alkaliniti, saa ileile, kila siku kwa wiki nzima, bila kuongeza chochote. Tofauti utakayoipata kati ya siku na siku ndiyo ulaji wa tangi lako kwa siku, na kiasi hicho ndicho cha kurudisha. Mimi hulenga 8, lakini hata 7.5 isiyoyumba naipenda kuliko 9 inayopanda na kushuka.

Katika tangi la lita 200, kurudisha dKH 1 kunataka gramu 6 za bikaboneti ya soda, ileile ya kuokea keki, ikiwa safi. Magadi ya kulainishia maharage usiyaguse; yana uchafu usioujua.

Njia ninayoipenda zaidi kwa Dar ni maji ya chokaa. Joto la hapa linakulazimisha kuweka feni juu ya tangi, feni inakausha maji, na maji yaliyokauka lazima yajazwe. Jazia maji ya chokaa badala ya maji matupu: gramu moja na nusu ya hidroksidi ya kalsiamu safi kwa lita ya maji yaliyochujwa, iache ituame, tumia yale maangavu ya juu. Lita tatu kwa siku katika tangi la lita 200 zinarudisha zaidi ya dKH 1.5 pamoja na kalsiamu yake. Ila pH yake inazidi 12, kwa hiyo idondoke tone kwa tone, hasa usiku. Kuimimina kwa jagi ni kuua. Na chokaa ya kupakia ukuta ibaki ukutani.

Feni nayo ina mipaka yake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, kama Februari na Machi hadi masika, maji hayakauki vizuri na feni haipoozi sana. Nalenga nyuzi 26. 27 sioni ubaya. Tangi likikaa 30 kwa siku kadhaa, matumbawe magumu huanza kuwatema mwani wanaoishi ndani yake na kuyalisha, yanabaki meupe. Miamba yetu wenyewe iliungua hivyo mwaka 1998. Kama chumba hakina AC, nunua mashine ya kupoza maji kabla ya kununua tumbawe lenyewe, hata kama mfuko unalia. Umeme ukikatika, kinachotangulia kuisha ni oksijeni, basi pampu ya hewa ya betri iwepo.

Wengi huchanganya laini na magumu katika tangi moja, na inawezekana, lakini Sarcophyton na wenzake hutoa kemikali za kuzuia majirani wasikue. Weka kaboni ya kuchujia (si mkaa wa jiko!) na uibadilishe mara kwa mara. Xenia ihamishe pamoja na jiwe lake, maana ikibaki kipande itarudi. Zoanthid (viumbe vidogo kama vitufe, ndugu wa matumbawe) usizichemshe wala kuzimwagia maji ya moto ili kusafisha jiwe: baadhi zina sumu ambayo mvuke wake umewahi kuwalaza watu hospitalini.

Kwa matumbawe magumu, anza na Euphyllia au Caulastrea, zinavumilia. Zikipanuka vizuri kwa miezi michache, leta Montipora, kisha Acropora mwishoni, juu kabisa kwenye mwanga na mkondo unaobadilika mwelekeo. Naitreti, kirutubisho kinachotokana na mabaki ya chakula, usiifute hadi sifuri. Kati ya miligramu 2 na 10 kwa lita panatosha, na fosfeti, kirutubisho kingine, 0.03 hadi 0.1. Maji yasiyo na chakula kabisa huyafanya matumbawe yapauke.

Vipande vitoke kwa mfugaji mwenzako au kwa muuzaji mwenye vibali, kwa sababu matumbawe magumu yote yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Visiwa vyetu vya Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu 1975; huko tunakwenda kuogelea na miwani tu, hatubebi nyundo.