Waliopinga vita vya Iraq: yanayosemwa na yaliyotokea

Vita vinaponukia na watu wakaanza kuitana mikutanoni, hakosekani wa kusema: mnajisumbua bure, mwaka 2003 si mamilioni waliandamana, na Iraq ikavamiwa vilevile na Marekani na Uingereza? Kauli hiyo imewarudisha nyumbani watu wengi wenye nia njema. Naipinga, kwa sababu inachanganya kushindwa kulikotokea kweli na mambo ambayo hayakutokea kabisa. Nitakaa zaidi Uingereza, ambako vuguvugu lililoasisiwa na watu wa mrengo wa kushoto liliikabili serikali ya Labour, chama kilichozaliwa na vyama vya wafanyakazi.

"Watu waliibuka wenyewe siku ile"

Jumamosi ya tarehe 15 Februari 2003 polisi wa London walikadiria waandamanaji 750,000. Waandaaji walisema karibu milioni 2. Roma iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kwa watu milioni 3. Ukiangalia picha za siku hiyo unaweza kudhani umma uliamka asubuhi moja tu na kumiminika barabarani.

Kazi ilianza miezi 17 kabla. Muungano wa Stop the War ("Komesheni Vita") uliundwa London tarehe 21 Septemba 2001, siku kumi baada ya mashambulizi ya New York na Washington, katika ukumbi uitwao Friends House wa Waquaker, dhehebu la Kikristo linalopinga vita. Vita vilivyokuwa vinakuja wakati huo ni vya Afghanistan. Walioitisha mkutano walikuwa wasoshalisti, wapinzani wa zamani wa silaha za nyuklia, watu wa vyama vya wafanyakazi na wabunge wachache, akiwemo Jeremy Corbyn. Walikubaliana mambo matatu: kupinga vita, kupinga chuki ya kibaguzi itakayowaangukia Waislamu, na kutetea haki za raia. Hawakumtaka mtu awe msoshalisti kwanza ndipo aingie. Nadhani hapo ndipo walipofanya uamuzi wa busara kuliko yote. Septemba 2002 waliandamana pamoja na Chama cha Waislamu cha Uingereza, na wako wanaharakati waliolalamika kwamba waumini hawafai kuwa washirika wa watu wa kushoto. Laiti wangesikilizwa, vuguvugu lingebaki la watu wale wale wanaojuana.

Tarehe yenyewe ya maandamano makubwa ilitokana na wito uliotolewa Florence, Italia, Novemba 2002, kwenye Jukwaa la Kijamii la Ulaya, mkutano wa wanaharakati wa bara hilo, kisha ukasambazwa kutoka Porto Alegre, Brazili, Januari 2003. Katikati ya vikao hivyo vikubwa kulikuwa na kazi isiyopigwa picha: meza ya vipeperushi nje ya soko, mkutano wa watu wachache ukumbini, kukusanya nauli za mabasi ya kwenda London. Serikali ilijaribu hata kuwanyima bustani ya Hyde Park, ikitaja usalama na nyasi. Ikalazimika kurudi nyuma.

"Walikuwa wakimtetea Saddam"

Wakomunisti wa Iraq waliuawa na kufukuzwa nchini na utawala wa Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, na chama chao kilipinga udikteta na vita kwa pamoja. Halabja, mji wa Wakurdi nchini Iraq, ulipopigwa na jeshi la Saddam kwa gesi ya sumu Machi 1988, London na Washington hazikuvunja uhusiano na Baghdad. Ni kweli palikuwa na wasemaji wa upande wa kushoto waliomzungumzia dikteta huyo kwa upole usiostahili, na waliliumiza vuguvugu. Umati ule, hata hivyo, haukwenda barabarani kwa ajili yake.

"Wananchi hawajui siri za dola, waachie wataalamu"

Hili linatuhusu Waafrika moja kwa moja. Tarehe 28 Januari 2003 Rais Bush alilitangazia Bunge la Marekani kwamba Saddam alikuwa akitafuta Afrika urani, madini yanayoweza kutengenezea silaha za nyuklia. Tarehe 7 Machi Mohamed ElBaradei, mkuu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, aliliambia Baraza la Usalama kwamba nyaraka zilizodai Niger inaiuzia Iraq urani hazikuwa halisi. Silaha za maangamizi, zilizotajwa kuwa sababu ya vita, hazikupatikana. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi rasmi wa Uingereza kuhusu vita hivyo, iliyotolewa Julai 2016, ilisema Uingereza iliingia vitani kabla njia za amani hazijamalizika. Muuguzi na mwalimu waliobeba mabango mwaka 2003 walikuwa wamepima mambo vizuri kuliko baraza la mawaziri.

"Hawakupata chochote"

Tarehe 1 Machi 2003 Bunge la Uturuki lilipigia kura ombi la Marekani la kupitisha askari wapatao 62,000 kwenda kaskazini mwa Iraq. Chama tawala kilikuwa na wabunge tele. Nje, mitaani Ankara, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wakipiga kelele. Kura zikawa 264 za ndiyo, 250 za hapana, na 19 hawakuegemea upande. Hoja ikaanguka kwa kukosa kura tatu, kwa kuwa ilihitaji wingi wa wote waliohudhuria. Meli za zana za kivita zilizokuwa zikingoja karibu na pwani ya Uturuki zikaelekezwa Kuwait.

Umoja wa Mataifa nao uligoma kutoa baraka. Angola, Cameroon na Guinea zilikuwa na viti katika Baraza la Usalama, na zilibembelezwa na kupelelezwa. Tunajua habari za upelelezi huo kwa sababu Katharine Gun, mtumishi wa idara ya Uingereza ya ujasusi wa mawasiliano, alivujisha waraka wa Marekani ulioomba msaada wa kunasa mawasiliano ya wajumbe. Alishtakiwa, kesi ikafutwa Februari 2004. Azimio la pili, la kuidhinisha vita, halikuwahi kupigiwa kura.

"Tukijaza barabara, serikali itasalimu amri"

Dhana hii ni ya kwetu sisi wa kushoto, na ndiyo iliyotugharimu zaidi. Jumamosi ile ilipita. Jumatatu mizigo ya jeshi iliendelea kusafirishwa. Tarehe 18 Machi wabunge 139 wa Labour waliiasi serikali yao, lakini Waziri Mkuu Tony Blair alipata kura 412 dhidi ya 149, na siku mbili baadaye mabomu yakaanza kuanguka.

Vita husafiri kwa reli, meli na mafuta, na vyote hivyo vina mikono inayoviendesha. Januari 2003 madereva wawili wa treni huko Motherwell, Uskoti, walikataa kuendesha treni ya risasi na mabomu iliyoaminika kwenda kwa majeshi ya Ghuba. Februari wanaharakati wa Italia walizuia treni zilizobeba zana za Marekani. Haya hayakuenea. Viongozi kadhaa wa vyama vya wafanyakazi wa Uingereza walihutubia mikutano bila kuitisha mgomo, na sheria ya huko hailindi mgomo wa kisiasa. Kwa maoni yangu kizuizi hicho kilikuwa cha kweli, ila hakikutosha kueleza ukimya wote: matawi ya Stop the War yalipangwa kwa mitaa, na kwenye karakana na maghala hayakuwa na mizizi. Aliye na nia ya kuzuia vita vinavyokuja aanze na orodha ya nani anapakia, nani anaendesha, nani anajaza mafuta, na aende kuzungumza nao kabla ya kuchapisha bango.

"Risasi ya kwanza ikilia, kazi imeisha"

Watoto wa shule wa Uingereza walitoka madarasani uvamizi ulipoanza. Familia za askari waliouawa zikaingia: Reg Keys, aliyempoteza mwanawe Iraq Juni 2003, aligombea ubunge dhidi ya Blair jimboni kwake Sedgefield mwaka 2005. Wanajeshi 179 wa Uingereza walikufa katika vita hivyo, na Wairaki kwa malaki.

Tarehe 29 Agosti 2013 Waziri Mkuu David Cameron alipotaka idhini ya kuishambulia serikali ya Syria, wabunge waliosimama walirejea mwaka 2003 tena na tena. Serikali ilishindwa kwa kura 285 dhidi ya 272, na Cameron akakiri pale pale kwamba bunge, likiakisi maoni ya wananchi, halitaki hatua ya kijeshi. Desemba 2015 bunge hilo likageuka na kuruhusu ndege zipige Syria, safari hii dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu, kwa kura 397 dhidi ya 223.