Kutuni tundu la spika: maana yake, na pa kuanzia besi ikigoma

Maboksi mengi ya sabufa yanayochongwa mitaani Arusha yana tundu moja au mawili mbele, mara nyingi kipande cha bomba la PVC la inchi nne, lile lile la maji taka. Ukiuliza tundu ni la nini, utaambiwa ni la kutolea hewa, spika isikose pumzi. Jibu hilo linaonekana halina madhara, lakini ndilo linaloharibu kazi. Ukilikubali, tundu lolote litafaa, liwe refu au fupi, jembamba au pana, ilimradi hewa itoke. Ndipo fundi anapopima tundu la boksi la jirani kwa rula, analinakili kwenye boksi la ukubwa mwingine lenye spika nyingine, kisha anashangaa besi inavuma noti moja tu.

Tundu la boksi linatoa sauti yake lenyewe. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi ukiibana inasukuma kurudi, kwa hiyo inafanya kazi ya springi. Hewa iliyo ndani ya bomba ina uzito, na inakwenda mbele na nyuma kwa pamoja kama kitu kimoja. Uzito ukiwa juu ya springi, una kasi yake ya kucheza, na ukiusukuma kwa kasi hiyo unacheza sana kwa nguvu kidogo. Puliza mdomo wa chupa tupu ya soda usikie mlio wake, kisha itie maji nusu upulize tena. Mlio unapanda kwa sababu hewa ya ndani imepungua. Hesabu ya jambo hili iliandikwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz katika karne ya 19, na Albert Thuras wa Bell Laboratories huko Marekani ndiye aliyeombea hataza ya boksi la spika la namna hii mwaka 1930, akapewa mwaka 1932.

Kutuni tundu, basi, ni kuchagua ujazo wa boksi, upana wa tundu na urefu wa bomba ili mlio huo uangukie kwenye Hz (mitikisiko kwa sekunde) unazozitaka. Namba hiyo huandikwa Fb. Boksi kubwa zaidi huishusha. Bomba refu huishusha. Tundu pana huipandisha, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa kuwa mtu akiongeza tundu la pili bila kugusa urefu hudhani ameongeza besi, kumbe ameihamisha juu.

Kwenye Fb yenyewe koni ya spika inakaribia kusimama, na sauti karibu yote inatoka tunduni. Juu ya Fb, koni na tundu vinasaidiana. Chini ya Fb vinagombana: koni ikisukuma mbele, tundu linavuta ndani, na sauti mbili zinafutana. Ndiyo maana boksi lenye tundu huporomoka desibeli 24 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa kila okteva, yaani kila Hz zinapopungua kwa nusu, chini ya Fb, wakati boksi lililozibwa kabisa huporomoka 12. Baya zaidi, huko chini hewa ya boksi haiizuii koni tena. Inaruka kadiri amplifaya inavyoituma, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, inagonga nyuma, na hamna besi ya maana unayoisikia. Spika nyingi zinazofia chini ya turubai kwenye kipaimara huko Marangu au Machame zinafia hapa, si kwa sababu ya wati nyingi peke yake.

Hesabu ya bomba la duara ni hii:

L = 23562 × D² × N ÷ (Fb² × V) − 0.732 × D

L ni urefu wa bomba kwa sentimita, ukihesabu na unene wa ubao linapopita. D ni kipenyo cha ndani cha bomba kwa sentimita, N ni idadi ya mabomba, V ni ujazo wa boksi kwa lita. Kipande cha mwisho kinapunguza urefu kwa sababu hewa iliyo nje kidogo ya midomo ya bomba nayo inacheza pamoja na iliyomo.

Tuchukue boksi la spika ya inchi 15. Vipimo vya ndani ni sentimita 45 kwa 70 kwa 42, yaani lita 132. Toa spika yenyewe, ambayo kwa ukubwa huo hula lita 4 hadi 6, toa mbao za kukazia ndani, toa na sehemu ya mabomba inayoingia. Zinabaki karibu lita 120. Bomba la inchi nne lina kipenyo cha ndani cha karibu sentimita 10, ila yapo mepesi na mazito, kwa hiyo pima lako. Unataka 45 Hz, ambayo ni mahali pazuri kwa sabufa ya sherehe, kwani waya mnene wa gita la besi ukipigwa wazi unatoa karibu 41 Hz. Kwa mabomba mawili, kila moja litakuwa na sentimita 12. Kwa matatu, sentimita 22 hivi. Kwa moja, hesabu inakupa sentimita 2 na nusu, karibu unene wa ubao tu.

Hilo la mwisho kwenye karatasi ni sahihi, na kwenye boksi ni balaa. Hewa yote inalazimishwa kupita mlango mdogo, na ikizidi kasi ya mita 17 hivi kwa sekunde inaanza kufoka. Utasikia “fuu, fuu” juu ya kila pigo la ngoma. Ugonjwa huo hautibiwi kwa kukata bomba. Dawa yake ni tundu pana zaidi na refu zaidi kwa pamoja, na kuviringisha kingo za midomo kwa msasa au kwa faili.

Sasa boksi limeshafungwa na besi haipendezi. Jambo la kwanza ni kujua tundu limetuniwa wapi leo, kabla ya msumeno. Lilaze boksi chali, koni ikitazama juu, weka punje chache za mchele kwenye koni. Tumia programu ya simu inayotoa mlio wa Hz unazochagua, sauti ndogo tu, kiasi cha punje kuanza kucheza. Anzia 80 Hz ushuke Hz moja moja. Punje zitaruka, kuna mahali zitatulia, kisha ukishuka zaidi zitaruka tena kwa fujo. Pale zilipotulia ndipo Fb ilipo, au jirani yake. Weka kiganja mbele ya tundu, utaona ndipo upepo ulipo mkali pia.

Ukitaka namba ya uhakika zaidi, pitisha waya mmoja wa spika kwenye rezista ya ohm 100, ya wati 5 au 10, na upime volti za AC kwenye skrubu za spika huku ukishusha Hz. Volti zitapanda, zitashuka, kisha zitapanda tena, na kati ya vilima hivyo viwili kuna bonde. Bonde ndilo Fb. Onyo moja: amplifaya ikitoa volti 5, kwenye bonde spika ya ohm 8 inabakiwa na kama volti 0.4, na ile multimita ya bei poa ambayo AC yake inaanzia 200 haiwezi kuisoma. Azima yenye AC ya volti 2. Na kipimo hicho hicho, spika ikiwa nje ya boksi, kinaonyesha kilima kimoja tu, nacho ni Fs, mlio wa spika yenyewe. Kwa spika zisizo na karatasi ya vipimo vya kiwandani, zilizobandikwa “1000W” kwenye sumaku na basi, hiyo ndiyo namba ya kwanza ya kweli utakayoipata.

Tuseme ulikusudia 45 ukakuta 51. Mara nyingi sababu ni utepe wa kupimia: 45 kwa 70 kwa 42 vilikuwa vipimo vya nje. Kwa ubao wa milimita 18 boksi la namna hiyo, baada ya kutoa spika na mbao, linabaki na lita 95 tu, na mabomba yale yale ya sentimita 12 yanapanda hadi karibu 51. Huna haja ya kuvunja boksi. Ongeza urefu wa kila bomba ufike sentimita 17 kwa kipande na soketi ya kuungia, urudi 45. Nafasi ikiwa finyu, elbo inakubalika, ukipima urefu katikati ya kona. Ndiyo sababu mafundi waangalifu hukata bomba refu kuliko hesabu na hawalipaki gundi mpaka wapime, maana kufupisha ni rahisi.

Ukikuta chini kuliko ulivyokusudia, angalia mdomo wa ndani wa bomba. Ukikaribia ukuta wa nyuma kuliko kipenyo kimoja cha bomba, ni sawa na bomba limerefushwa. Tundu bapa la mbao linaloegemea sakafu ya boksi nalo hushuka chini ya hesabu, kwa sababu ukuta unaendelea kuongoza hewa hata baada ya ubao wa tundu kuisha. Halafu kuna kipande cha godoro kilichowekwa ndani kupunguza mwangwi kikateleza mpaka mdomoni. Hicho hakishushi tu, kinaua.

Bonde likiwa halionekani vizuri, au vilima vimelala, shuku uvujaji kabla ya kitu kingine. Ziba tundu vizuri, bonyeza koni taratibu kwa vidole, uachie. Boksi lililobana linairudisha koni polepole. Ikirudi papo hapo, hewa inapita mahali. Washa udi au dawa ya mbu ya kuchoma, pitisha moshi kwenye viungio na kuzunguka fremu ya spika huku mlio wa chini ukipigwa, tundu likiwa limezibwa vile vile. Moshi utakatika penye ufa. Sehemu inayosahaulika zaidi ni soketi ya waya nyuma. Gundi ya mbao au silikoni inamaliza.

Na kuna lawama ambazo tundu linabebeshwa bure. Chumba chenye urefu wa mita 4 kina mvumo wake karibu na 43 Hz. Besi ikilia sana ukutani na kupotea katikati ya chumba, tatizo ni chumba. Toa boksi uani usikilize. Maboksi mawili yakiungwa, moja likiwa limegeuziwa chanya na hasi, besi inatoweka ukisimama katikati yao, na hakuna bomba litakaloirudisha. Ipo na hadithi ya hewa ya mlimani, kwamba boksi lililotuniwa Dar es Salaam linapotea likifika Arusha kwenye mita 1,400. Wepesi wa hewa hauigusi Fb, kwa sababu katika hesabu hiyo kilichomo ni kasi ya sauti, nayo inafuata joto. Usiku wa Julai Arusha kwenye nyuzi 13, ukilinganisha na mchana wa Februari Moshi kwenye nyuzi 33, boksi la 45 Hz linatofautiana kwa chini ya Hz 2. Hakuna sikio litakalolalamika.

Tundu likishakaa sawa, linda spika dhidi ya kilicho chini yake. Kwenye krosova au prosesa, vifaa vya kugawa na kurekebisha sauti kabla ya amplifaya, weka kichujio kinachokata sauti za chini, kwa boksi la 45 Hz kianzie kati ya 35 na 40. Hutapoteza kitu cha kusikika.

Lakini si kila spika inataka tundu. Neville Thiele wa Australia, katika kazi yake ya mwaka 1961 iliyoendelezwa baadaye na Richard Small, ndiye aliyeonyesha jinsi ya kuoanisha boksi na tabia za spika badala ya kubahatisha. Tabia moja inaandikwa Qts, namba inayoonyesha jinsi spika inavyojizuia isiendelee kuvuma: ikiwa kubwa, kizuizi ni kidogo. Ikiwa 0.3 hadi 0.4, spika inakubali tundu vizuri, ikipita 0.5, kwa kawaida boksi lenye tundu litavuma na kuchelewa, hata hesabu ya bomba ikiwa safi. Spika nyingi za bei nafuu zina sumaku ndogo na Qts kubwa. Kama huna karatasi yake, jaza matambara tunduni, uyakaze, upige wimbo unaoujua vizuri. Besi ikikaza na kueleweka kuliko ilivyokuwa tundu likiwa wazi, katia kipande cha ubao hapo, piga gundi, ulihesabu kuwa boksi la kuziba.