Kuhama kutoka Windows 10: yanayosemwa na yalivyo

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2015, na tangu hapo kila fundi na kila kundi la WhatsApp lina lake la kusema.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba, kwa kuwa kompyuta bado inawaka na kazi zinaendelea, hakuna kilichobadilika. Ni kweli kwamba mashine haikuzimika siku ile. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba kasoro za mfumo, vilivyokuwa vikitolewa kila Jumanne ya pili ya mwezi, na hapo ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni: Windows 10 na Windows 11 zinatumia sehemu kubwa ya msimbo (maandishi ya programu) ulio mmoja, hivyo kiraka kinapotolewa kwa toleo jipya humwonyesha mdukuzi mahali palipokuwa na tundu, naye huenda kulitafuta katika toleo la zamani ambalo halijazibwa. Mwezi Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry iliyafunga mafaili ya kompyuta katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo kompyuta za hospitali za umma nchini Uingereza, ilhali kiraka cha tundu lililotumika kilikuwa kimetoka tangu Machi. Waliokuwa bado na Windows XP, ambayo msaada wake ulikoma mwaka 2014, hawakupewa kiraka cha bure hadi shambulio lilipokwisha kuanza.

Antivirusi nayo haitoshi. Kazi yake ni kukagua mafaili na mienendo ya programu. Kasoro iliyo ndani ya mfumo wenyewe haiwezi kuiziba.

Wengine wanaamini kwamba kuhamia Windows 11 ni lazima kununua leseni, au kununua kompyuta mpya kabisa. Mwenye Windows 10 halali, katika mashine inayokidhi vigezo, hahitaji kulipa chochote. Vigezo vyenyewe ni RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyo katika orodha ya Microsoft, ambayo kwa Intel huanzia takribani kizazi cha 8. Kompyuta nyingi zinazoambiwa hazina TPM zinayo, ila imezimwa katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, na kwenye mashine za Intel hujificha chini ya jina la PTT. Ambaye mashine yake haifai kweli ana njia nyingine: Microsoft ilitangaza viraka vya ziada vya Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi 13 Oktoba 2026, na Linux Mint, mfumo endeshi mwingine, ni ya bure na hufanya kazi vizuri kwenye mashine kama hizo. Windows iliyoamilishwa kwa programu ya wizi ni jambo jingine, kwani fundi huzima antivirusi kwanza ili programu hiyo ipite, na mwenye kompyuta hajui ni nini kingine kilichopita nayo.

Kuhusu kupoteza mafaili, hofu hiyo imetokana na mazoea ya mafundi kufuta diski yote ndipo wapige Windows upya. Kupandisha toleo kutoka 10 kwenda 11 kwa njia ya kawaida hubakisha mafaili na programu, na kwa siku 10 mtumiaji anaweza kurudi alikotoka. Nakala ya akiba kwenye diski ya nje bado ni ya lazima, kwa sababu umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Kabla ya kugusa BIOS, angalia pia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo wa siri, na kama imefungwa, andika ufunguo wake wa tarakimu 48 kwenye karatasi; asiye nao anaweza kufungiwa nje ya mafaili yake mwenyewe.

Wanaonunua laptopu za mtumba, ziwe za Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, wasidhani kwamba Windows 11 inayoonekana kwenye kioo ni ushahidi kuwa mashine inafaa, kwa maana ukaguzi wa vigezo hurukwa kwa urahisi wakati wa kupiga Windows. Soma jina la prosesa. HP EliteBook 840 G3 yenye i5-6300U ni ya kizazi cha 6, haimo katika orodha. G5 yenye i5-8350U imo, na kwa nje mnunuzi asiye mzoefu anaweza kuzichanganya.