Margherita: barafu ya nchi mbili, maji ya mto mmoja

Swali ninaloulizwa sana kuhusu milima ya Rwenzori ni lini ililipuka mara ya mwisho. Haijawahi kulipuka. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni volkeno, lakini Rwenzori ni pande la miamba ya kale lililosukumwa juu huku Bonde la Ufa likididimia kando yake. Ndiyo maana usitafute koni. Utakuta safu ya kilomita 120 hivi yenye milima sita mikuu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele cha Stanley, Margherita, kina mita 5,109, na mlima huo ni wa tatu kwa urefu barani Afrika. Jina ni la malkia wa Italia, alilolileta Duke wa Abruzzi, mpanda milima Mwitaliano, alipofika juu mwaka 1906.

Mpaka wa Uganda na Kongo unapita papo hapo kileleni, na hapo ndipo ramani inapowadanganya wengi. Mtu huona nusu ya mlima iko Kongo, akadhani maji ya upande ule huenda Mto Kongo. Hata tone moja haliendi! Vijito vya magharibi huingia Mto Semliki. Mashariki, mto Bujuku hujiunga na mto Mubuku, maji yakaingia Ziwa George, yakapita mfereji wa Kazinga hadi Ziwa Edward. Semliki hutoka Edward, ukauzunguka mlima kwa upande wa Kongo na kuingia Ziwa Albert. Kwa hiyo maji yaliyoshukia Uganda hurudi kupita mgongoni mwa mlima uleule, yakichanganyika na ya Kongo. Yote ni ya Nile.

Barafu yenyewe inakwisha. Mwaka 1906 ilizidi kilomita za mraba 6. Leo haifiki hata moja, na Emin, Gessi na Luigi di Savoia zimebaki miamba mitupu. Zamani sana barafu ilishuka mpaka palipo msitu leo. Ukipita kambi ya Nyabitaba, ule mgongo mrefu wa mawe na udongo unaoukanyaga ni moreni, mzigo iliouacha ilipoyeyuka.

Ila sikubaliani na wanaosema barafu ikiisha mito itakauka. Maji ya barafu ni sehemu ndogo mno ya Mubuku. Mito hii inalishwa na mvua, inayonywewa na msitu, mianzi, na yale matope ya kinamasi cha Bigo yanayomeza buti (mpandaji yeyote atakwambia). Anayeishi Kasese, mji ulio chini ya milima hii, aangalie mvua na miteremko. Mto Nyamwamba ulipofurika Mei 2013, na tena Mei 2020 ukaibomoa hospitali ya Kilembe, ilikuwa mvua kubwa kwenye bonde jembamba lenye kuta kali, na maji yalibeba mawe makubwa hadi kwenye nyumba za watu.