Pumzi ndiyo inayotoa mlio wa kipunji

Ukitaka kusikiliza kipunji, kima wa misitu ya kusini mwa Tanzania, katika msitu wa Mlima Rungwe, anza na kifua chake. Mlio wake mkubwa ni honi nzito inayofuatwa na mbweko, na nguvu yote inatoka kwenye hewa inayosukumwa kutoka mapafuni.

Kiwambo, yaani msuli ulio chini ya mapafu, hushuka, mbavu hupanuka, mapafu hujaa. Kisha nyuzi za sauti ndani ya zoloto, kisanduku cha sauti kooni, hukaribiana na kuibana njia ya hewa, huku misuli ya tumbo na ya mbavu ikisukuma kutoka chini. Shinikizo likitosha, nyuzi hutikisika. Likiongezeka, sauti hukua na kwa kawaida hupanda; hewa ikipungua, sauti hulegea. Nyani na kima wana pia utando mwembamba kwenye ukingo wa nyuzi hizo, ambao binadamu hatuna. Hutikisika upesi, ndiyo maana milio yao ni mikali na hukwaruza.

Sisi huvuta pumzi moja tukatamka sentensi nzima, tukiigawa hewa kidogo kidogo kwa misuli ya mbavu. Kima hana udhibiti huo. Tundu la uti wa mgongo wake kifuani ni jembamba kuliko letu kwa kulinganisha na mwili, na wanaanatomia wengi wanalihusisha na uchache wa neva za misuli hiyo. Kwa hiyo pumzi moja kwa kawaida humpa mlio mmoja au michache mifupi.

Nyani dume anaonyesha hili vizuri kuliko wote. Mlio wake wa “wa-huu” ulipochunguzwa Botswana, “huu” ilikuwa ndefu kwa madume wenye cheo, na ilizidi kufupika kadiri mashindano yalivyoendelea. Uchovu unasikika. Kima dume yeye ana mfuko wa hewa uliounganika na zoloto; huujaza kwanza, ndipo atoe mvumo mzito.

Katika kurekodi, kosa kubwa ni kuacha kinasa sauti kijirekebishe chenyewe. Kitapandisha sauti iliyolegea, na dalili ya pumzi kuisha itapotea. Zima kipengele hicho, weka vilele vya sauti karibu na desibeli -12, tumia faili la WAV, lisilobana sauti, la kilohezi 48. MP3, faili linalobana sauti, huweza kufuta mvuto mdogo wa pumzi kati ya mlio na mlio, na bila huo hutajua kama umesikia pumzi moja au mbili. Kwa upepo wa Kitulo, makazi mengine ya kipunji, maikrofoni bila kifuniko cha manyoya cha kuzuia upepo ni kazi bure.