Kwa Nini Rubani Hurudia Kila Anachoambiwa na Mwongoza Ndege

Ukimtajia mtu mwongoza ndege, mara nyingi humkumbuka yule mwenye fulana ya kung'aa anayepunga vijiti viwili ndege inapoingia kwenye maegesho. Siye huyo. Mwongoza ndege abiria hamwoni. Yuko juu ya mnara wa vioo, au ndani ya chumba chenye mwanga hafifu kisicho hata na dirisha, pengine mamia ya kilomita kutoka ilipo ndege anayozungumza nayo.

Wala haendeshi ndege. Chombo ni cha rubani. Cha kwetu sisi waongoza ndege ni nafasi kati ya chombo na chombo. Tunahakikisha ndege mbili hazikutani, na wakati huohuo hazimalizi mafuta zikisubiriana bure. Hilo la pili husahaulika, nalo ndilo linalotutoa jasho, maana kuzitawanya ndege mbalimbali kabisa kila mtu angeweza.

Nafasi hiyo ina vipimo. Juu na chini, kwa kawaida ni futi 1,000, kama mita 300 hivi. Kwa pembeni, penye rada, ni maili 5 za baharini, yaani kilomita 9 na ushei. Karibu na kiwanja huweza kupungua hadi maili 3. Kikitimia kipimo kimojawapo inatosha. Kwa hiyo ukiwa dirishani ukaona ndege nyingine ikipita chini yenu kwa kasi ya kutisha, usishtuke, huenda mmepishanishwa kwa kimo kama ilivyopangwa. Nyuma ya ndege kubwa nafasi huongezwa, kwa sababu mabawa yake huacha mizunguko ya hewa inayoweza kuibinua ndege ndogo inayofuata.

Safari moja hupita mikononi mwa waongozaji kadhaa. Mnara hushughulikia ardhini na njia ya kurukia. Chumba cha rada huipokea ikiwa inapanda. Kisha hukabidhiwa kituo cha anga ya juu, na ikikaribia mwisho wa safari mlolongo hurudi kinyumenyume. Kwenye minara mingi utakuta bado kipande chembamba cha karatasi kwa kila ndege, kimepachikwa kwenye kishikio cha plastiki: namba ya safari, aina ya ndege, kimo, saa. Ndege ikiingia njia ya kurukia, mwongozaji hukisogeza kipande kile kwa mkono mpaka sehemu yake ubaoni. Kwingine kazi hiyo sasa inafanywa na skrini. Mimi hupenda karatasi: ukiwa umekishika kipande, huwezi kuisahau ndege.

Na rada? Ile ya asili hupokea mwangwi tu. Hukuonyesha kuna kitu mahali fulani, basi. Jina na kimo huletwa na transponda, kifaa kilichomo ndani ya ndege kinachojibu kinapoulizwa na rada ya pili. Rubani hupewa namba ya tarakimu nne, kila moja kati ya 0 na 7, akaiweka kwenye kifaa hicho. Namba chache zimetengwa kwa dharura: 7700 ni dharura ya jumla, 7600 redio imekufa, 7500 ndege imetekwa.

Hata hivyo, mashine zote hizo hazifui dafu kama maneno hayakueleweka. Ndiyo maana ukisikiliza mawasiliano yetu utadhani watu wanaigana:

"Shuka hadi futi elfu nane."

"Tunashuka hadi futi elfu sita."

"Hapana. Elfu nane."

"Elfu nane, tumepokea."

Kosa limenaswa ndege ikiwa haijafika hata elfu tisa. Kama rubani angejibu "sawa" tu, tungeligundua kwenye skrini, tukiwa tumechelewa. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye Kiingereza cha anga tisa hutamkwa "naina", isije ikasikika kama tano.

Somo hili lililipiwa kwa damu. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, Boeing 747 mbili zilikuwa kwenye njia moja ya kurukia, ukungu umetanda, mnara hauzioni. Ndege moja ilipewa maelekezo ya njia itakayofuata angani. Ikayarudia, kisha ikaongeza maneno yaliyoweza kumaanisha "tuko mahali pa kurukia" au "tunaruka sasa". Mnara ukaelewa la kwanza. Ukajibu "OK", ukanyamaza kidogo, ndipo ukaiambia isubiri. Sekunde hizohizo ndege ya pili nayo ikabonyeza redio kusema bado iko kwenye njia ya kurukia. Redio za anga haziwezi kubeba wawili kwa pamoja. Kilichosikika vizuri kwa yule wa kwanza ni "OK", kisha mluzi. Ikaruka, ikaigonga ya pili. Watu 583 walikufa.

Tangu hapo neno la kuruka halitamkwi ovyo. Hutamkwa pale tu ruhusa ya kuruka inapotolewa au inapofutwa. Mazungumzo mengine yote hutumia neno "kuondoka". Na ruhusa ya kuingia njia ya kurukia, kuivuka, kuruka au kutua lazima irudiwe na rubani.

Huulizwa pia: redio ikizimika kabisa je? Mnara una taa ya mkononi yenye mwanga mkali, tunaielekeza kwenye ndege kama tochi. Kijani kisichopepesa humwambia rubani aliye angani atue. Chekundu kisichopepesa, apishe na aendelee kuzunguka. Hapo sauti haipo, lakini jibu bado tunalitaka: mchana rubani huinamisha mabawa kulia na kushoto, usiku huwasha na kuzima taa za kutua mara mbili.