Kitabu cha Kiingereza cha wanafunzi wa tiba kipimwe kwa faili la mgonjwa

Mwanafunzi wangu mmoja hapa Malindi alikuta kwenye faili maneno "denies chest pain", neno kwa neno "anakana maumivu ya kifua". Akaja kuniuliza mgonjwa huyo anaficha nini. Kumbe kwa Kiingereza cha hospitali maana yake ni nyepesi: mgonjwa ameulizwa, akasema kifua hakimuumi. Kijana huyo Kiingereza anakijua vizuri tangu sekondari. Kitabu alichosomea kilijaa majina ya mifupa na mazoezi ya kujaza nafasi, lakini faili hakikumwonyesha hata siku moja.

Ndiyo maana idara ikiletewa kitabu kipya, mimi sianzi na sarufi. Natafuta ukurasa wa mahojiano na mgonjwa. Anaongea kama mtu anayeumwa, au kama anayejibu mtihani? Na baada ya mazungumzo, mwanafunzi anapewa kazi ya kuyaandika upya kwa lugha ya faili?

Kwetu pwani kazi hiyo ni maradufu. Mama anaketi kwenye benchi, kashika ubavu: "Mwanangu, nina kichomi." Mwanafunzi amuulize kwa Kiswahili kama kinazidi akivuta pumzi, kisha aandike kwa Kiingereza kwamba ni maumivu ya kuchoma, upande gani, na yanazidishwa na nini. Akiandika "chest pain" akaishia hapo, daktari wa zamu inayofuata amekosa nusu ya habari. Kitabu kilichoandikwa London hakitamletea neno kichomi. Hilo mwalimu ataliongeza mwenyewe, mradi mazoezi yamwachie nafasi.

Tazama pia kimeandikiwa nchi gani. Wamarekani hupima sukari ya damu kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita. 90 ya kwao ni 5 ya kwetu. Aliyezoea hesabu za kule akisoma 20 kwenye mashine ya hapa atadhani sukari imeshuka mno, ilhali imepanda vibaya. Majina ya dawa nayo hubadilika: "acetaminophen" yao ndiyo parasetamoli yetu.

Na rekodi za sauti zisikilizwe kabla ya kulipa. "Hypo" ni kupungua, "hyper" ni kuzidi, na kwenye simu ya wadini saa nane za usiku maneno hayo yanakaribiana sana. Kitabu kisichomzoesha mwanafunzi kuyatofautisha kwa sikio mimi sikipitishi, hata kiwe na picha nzuri namna gani.